Pikipiki ya umeme ya Stockholm: ikiharibika, nani ataitengeneza?

Mwanzoni mwa mwezi wa Februari mwaka 2024, kampuni ya CAKE ya mjini Stockholm, iliyokuwa ikiunda pikipiki za umeme za kupita porini, iliwasilisha ombi la kufilisika. Baadaye mwaka huo huo mali zake zilinunuliwa na wafanyabiashara kutoka Norway. Lakini kwa wale waliokwisha kununua pikipiki hizo, swali lilikuwa moja: chombo kikiharibika, nani atakitengeneza?

Swali hilo haliwahusu Waswidi peke yao. Linawahusu pia waendesha bodaboda wa Nairobi na Kigali, ambako pikipiki za umeme zinaongezeka barabarani. Ili kulijibu, yafaa kwanza kuelewa pikipiki ya namna hii hutunzwa vipi, na ni wapi ambapo uwezo wa fundi hukoma.

Ukimya ulivyogeuka kuwa mali

CAKE ilianzishwa mwaka 2016 na Stefan Ytterborn. Pikipiki yake ya kwanza, iliyoitwa Kalk, ilitolewa mwaka 2018. Injini yake ya umeme ilikuwa na nguvu ya kilowati 11, na betri yake yenye uzito wa kilo 17 iliweza kuchomolewa na kubebwa kwa mkono hadi ndani ya nyumba.

Nchini Sweden, sheria ya mwaka 1975 inakataza kuendesha vyombo vya moto ovyo katika ardhi isiyo na theluji. Kwa hiyo wapenzi wa mchezo huo hutegemea njia maalumu zilizoruhusiwa, na kelele za injini ni chanzo cha kawaida cha ugomvi na majirani. Pikipiki isiyonguruma ilikuwa na faida iliyo wazi.

Barani Afrika ukimya huo ulipata kazi nyingine. Mwaka 2021 CAKE ilitangaza toleo la Kalk AP kwa ajili ya walinzi wanaopambana na ujangili, kwa kushirikiana na chuo cha Southern African Wildlife College, kilichoko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Kruger nchini Afrika Kusini. Jangili huisikia injini ya petroli kutoka mbali na kupata muda wa kutoroka. Isitoshe, petroli sharti isafirishwe hadi porini, ilhali betri huweza kuchajiwa hapo hapo kwa nguvu ya jua.

Kilichoondoka na kilichobaki

Pikipiki ya umeme ya aina hii haina kabureta, plagi, chujio la hewa wala mafuta ya injini ya kubadilisha. Kazi ambazo humchukulia fundi wa pikipiki ya petroli sehemu kubwa ya siku yake zimeondoka.

Hata hivyo, tope halibagui. Katika mashindano ya Novemberkåsan, yaliyoanza nchini Sweden mwaka 1915 na ambayo hufanyika katika baridi na giza la Novemba, pikipiki huumizwa zaidi na maji, mawe na mchanga. Sehemu zinazoumia ni zile zile, iwe injini ni ya petroli au ya umeme: mnyororo, beringi, breki, magurudumu na shokomzoba.

Matunzo huanza na kuosha. Maji ya mashine yenye kasi kubwa hayapaswi kuelekezwa kwenye beringi, kwenye mipira inayozuia mafuta ya shokomzoba, wala kwenye viungio vya nyaya, kwani maji hupenya na uchafu wake hubaki ndani ukisaga chuma taratibu.

Mnyororo ukishakauka hupakwa mafuta, kisha hupimwa ulegevu. Watu wengi hukosea kwa kuukaza kupita kiasi. Gurudumu la nyuma linapopanda, umbali kati ya gia ya mbele na ya nyuma huongezeka, na mnyororo hujikaza wenyewe. Mnyororo ambao tayari umekazwa sana pikipiki ikiwa imesimama hauna mahali pa kwenda ikirukia shimo. Matokeo yake ni kuharibika kwa beringi au kukatika kwa mnyororo wenyewe. Kipimo sahihi kimo katika kitabu cha pikipiki, na kwa nyingi za porini ni kati ya milimita 35 na 50.

Njiti za gurudumu nazo hukaguliwa kwa sikio. Fundi huzigonga moja baada ya nyingine kwa spana ndogo. Iliyokaza hutoa mlio mwembamba, na iliyolegea hutoa mlio mzito. Njiti moja ikilegea huziachia jirani zake mzigo, na hatimaye rimu hupinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Springi kabla ya injini

Mwendeshaji anayetaka pikipiki yenye kasi zaidi mara nyingi hufikiria injini. Mafundi wa mashindano huanza na springi, kwa kuwa nguvu haisaidii kitu ikiwa gurudumu haligusi ardhi.

Pikipiki ya Kalk ilifungwa shokomzoba za kampuni ya Öhlins, iliyoko Upplands Väsby, kaskazini mwa Stockholm. Öhlins ilianzishwa na Kenth Öhlin mwaka 1976. Miaka miwili baadaye Gennady Moiseev, raia wa Umoja wa Kisovieti, alitwaa ubingwa wa dunia wa motokrosi wa pikipiki za sentimita za ujazo 250 akitumia shokomzoba zake.

Kurekebisha kifaa hicho huanza na kipimo cha rula. Kwanza pikipiki huinuliwa hadi gurudumu la nyuma lining'inie, na umbali hupimwa kutoka kwenye ekseli hadi alama moja iliyo juu yake kwenye madigadi. Kisha mwendeshaji hupanda akiwa na mavazi yake yote, na umbali ule ule hupimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayoonyesha pikipiki imezama kiasi gani. Ikiwa gurudumu lina uwezo wa kupanda na kushuka milimita 300, kuzama kwa takriban milimita 100 kunafaa, yaani theluthi moja. Ikizama zaidi, pete ya springi hukazwa. Ikizama pungufu, hulegezwa.

Baada ya hapo hupimwa pikipiki ikiwa imesimama peke yake bila mtu. Hapa kwa kawaida hutakiwa izame milimita 30 hadi 40. Ikiwa haizami karibu kabisa, ingawa kipimo cha mwenye kupanda ni sahihi, maana yake springi ni laini mno kwa uzito wa mtu huyo na imekazwa ili kuficha udhaifu wake. Dawa yake ni kubadilisha springi.

Skrubu ndogo za shokomzoba huja mwisho. Hizo hupunguza au kuongeza upenyo ambamo mafuta hupita, na hivyo kuamua shokomzoba ibonyee na kurudi kwa kasi gani. Nyuma ikirusha mwendeshaji juu baada ya kila tuta, inarudi haraka mno. Ikizidi kuzama kadiri mashimo yanavyofuatana, inarudi polepole mno. Kanuni ni kugeuza skrubu moja tu kwa wakati, hatua mbili, kupita tena njia ile ile, na kuandika kila kilichofanywa.

Pikipiki inapokataa kwenda

Injini ya petroli ikikataa kuwaka, fundi hutafuta mambo matatu: petroli, cheche na mgandamizo wa hewa. Pikipiki ya umeme nayo ina utaratibu wake, unaoanzia kwa lililo rahisi.

Kwanza hutazamwa swichi za usalama: swichi ya kuzima, ya breki, na ya stendi ya pembeni kama ipo. Pili hukaguliwa fyuzi. Tatu hufunguliwa viungio vya nyaya kutazama kutu ya kijani au maji, na hapa ndipo hitilafu nyingi za porini hupatikana. Nne hupimwa volti za betri. Betri ya Kalk ilikuwa na volti zipatazo 52. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini spana ikiunganisha ncha zake mbili, mkondo wake unaweza kuyeyusha chuma na kumuunguza vibaya mtu. Pete na saa huvuliwa kabla ya kugusa chochote.

Baridi na joto pia huleta dalili zinazofanana na ugonjwa. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo ambalo wakazi wa Stockholm hulizingatia kwa kuingiza betri ndani wakati wa majira ya baridi. Katika nchi za joto, mfumo huweza kupunguza nguvu ili kujilinda, na mwendeshaji akadhani injini imechoka.

Mahali spana inapokoma

Hadi hapo, fundi yeyote makini anaweza kufanya kazi hiyo chini ya mwembe. Ugumu huanza pale betri, kompyuta inayoongoza injini na programu ya mtengenezaji zinapokuwa zimefungamanishwa. Betri nyingine yenye volti zile zile inaweza kukataliwa. Namba ya hitilafu inaweza kusomwa tu kwa programu ambayo fundi hana. Mtengenezaji akifunga milango, ufunguo hubaki ndani.

Historia ya Öhlins inaonyesha upande wa pili. Kampuni hiyo imepitia mikononi mwa Yamaha, kisha Tenneco, na mwaka 2025 ikawa mali ya Brembo ya Italia. Pamoja na mabadiliko hayo, shokomzoba yake yaweza kufunguliwa na fundi mwenye vifaa na gesi ya naitrojeni, ikabadilishwa mafuta na mipira, na kurudi kazini.

Umoja wa Ulaya umelitambua tatizo hilo. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa mwanzo wa sharti kwamba betri za vyombo vyepesi vya umeme ziweze kutolewa na kubadilishwa na mafundi wa kujitegemea, na kwamba programu za kompyuta zisitumiwe kuzuia jambo hilo.

Afrika Mashariki inakutana na swali lile lile kwa njia zake. Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Waswidi kwa jina la Opibus, ilichagua kuunda pikipiki zake nchini Kenya kwenyewe. Ampersand, iliyoanzia Kigali, humbadilishia dereva betri kituoni badala ya kumuuzia, kwa hiyo ugonjwa wa betri ni mzigo wa kampuni. Lakini dereva huyo naye hutegemea kituo kiendelee kuwapo.

Kwa mtu anayefikiria kununua pikipiki ya umeme, mambo matatu yanafaa kuulizwa kabla ya kulipa. Je, vipuri vinapatikana mjini humo humo? Je, fundi asiye mwajiriwa wa muuzaji anaweza kusoma namba za hitilafu? Na je, betri ikifa, itawezekana kufunga nyingine bila idhini ya kompyuta iliyo nchi ya mbali? Ikiwa muuzaji hana jibu la swali la tatu, bei aliyoitaja si bei kamili.