Kwaheri ya Mlinda Lango na Asante ya Punda

Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Anayetaka kuuona ukweli wa methali hii katika ulimwengu wa kandanda na ayatazame yaliyomfika Iker Casillas, mlinda lango aliyelelewa na klabu ya Real Madrid ya Uhispania na kuitumikia kwa robo karne.

Casillas alijiunga na timu ya watoto ya klabu hiyo mwaka wa 1990 akiwa na umri wa miaka 9. Mwaka wa 1999, akiwa kijana wa miaka 18, alisimama langoni pa timu kubwa kwa mara ya kwanza. Aliichezea mechi 725, akatwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara 3 na ligi ya Uhispania mara 5. Sisi Waafrika tunamkumbuka hasa kwa usiku wa Julai 11, 2010, jijini Johannesburg, katika fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa barani mwetu. Arjen Robben wa Uholanzi alimjia akiwa peke yake na mpira. Casillas alikuwa amekwisha kujirusha upande mmoja, lakini aliupangua mkwaju huo kwa mguu. Uhispania ilishinda 1-0 katika muda wa ziada, na nahodha aliyeliinua kombe alikuwa yeye.

Je, mtu wa namna hiyo aliagwa vipi? Desemba 2012, kocha Jose Mourinho alimweka benchi, na mashabiki wakagawanyika. Tangu hapo kila kosa lake lilihesabiwa, na baadhi yao wakampigia miluzi katika uwanja wa nyumbani, Santiago Bernabeu. Julai 12, 2015, aliketi mbele ya waandishi wa habari bila kiongozi yeyote wa klabu kando yake, akasoma maneno ya kwaheri huku machozi yakimlengalenga. Lawama zilipozidi, klabu iliandaa hafla nyingine kesho yake, vikombe vikapangwa uwanjani. Mashabiki waliofika walimshangilia na kumtaka rais wa klabu, Florentino Perez, ajiuzulu.

Ni rahisi kumtwika rais mzigo wote. Lakini ile miluzi haikutoka ofisini. Ilitoka vitini pa mashabiki. Sisemi kwamba kocha anyimwe haki ya kumbadilisha mchezaji aliyechoka. La hasha! Ninachosema ni kwamba haki ya kupanga timu si ruhusa ya kumdharau aliyeijenga.

Kazi ya mlinda lango ina dhuluma ndani yake. Mshambulizi hukosa mara 5, akafunga mara 1, akabebwa mabegani. Mlinda lango huokoa mara 5, akafungwa mara 1, akaitwa mzembe. Hata Lev Yashin wa Muungano wa Sovieti alizomewa nyumbani baada ya Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile. Mwaka uliofuata alitunukiwa Mpira wa Dhahabu, tuzo ambayo hakuna mlinda lango mwingine aliyewahi kuipata. Hata hivyo, Mei 27, 1971, zaidi ya watu 100,000 walifurika uwanjani Moscow kumuaga, na nyota kama Bobby Charlton wakasafiri kwenda kucheza naye. Hiyo ndiyo kwaheri inayomstahili mtumishi.

Walimu watakuwa wameshaelewa ninakoelekea. Mwalimu naye ni mlinda lango. Wanafunzi 40 wakifaulu, sifa ni zao na wazazi wao. 1 akianguka, mwalimu huitwa ajieleze. Siku ya kustaafu hupewa zawadi na hotuba tamu, mara nyingi kutoka kwa wale wale ambao jana hawakumwamkia. Nanyi wanafunzi, mnaomcheka mwalimu mkongwe kwa sababu miwani yake imezidi unene na sauti yake imepungua, kumbukeni ni nani aliyewafundisha kushika kalamu.

Shukrani inayongoja siku ya kuagana imechelewa. Mpe mtu shukrani yake angali langoni, hasa siku ile mpira unapomponyoka, maana siku hiyo ndiyo anapoihitaji zaidi.