Jenereta Ikae Nje: Tahadhari kwa Wakazi wa Mwambao wa Mtwara Wakati wa Tufani

Wananchi waishio mwambao wa Mtwara, kuanzia Mikindani na Msanga Mkuu hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma, wanakumbushwa kuwa majira ya vimbunga upande huu wa Bahari ya Hindi huanza mwezi Novemba na kumalizika Aprili, na mara nyingine huvuka hadi Mei. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth, ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imekwisha kuwatahadharisha wakazi wa Mtwara juu yake, kilitua Cabo Delgado nchini Msumbiji, kusini ya mto Ruvuma. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia.

Upepo wa namna hiyo huangusha minazi na mikorosho juu ya nyaya, na umeme hukatika kwa saa nyingi au siku kadhaa. Ndipo wenye jenereta ndogo za petroli huziwasha ili kunusuru samaki waliomo katika majokofu, kuvuta maji au kuchaji simu. Manufaa hayo ni ya kweli, lakini jenereta isiyotumiwa kwa uangalifu huweza kuua watu ambao tufani imewaacha salama.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni moshi wake. Ndani ya moshi huo imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hewa hiyo hujishikiza katika damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni ya kutosha. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na ni rahisi kuzidhania kuwa homa ya malaria. Aliyelala huweza kufa bila ya kuamka. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja na kupelekwa hospitali. Jiko la mkaa linalowashwa ndani ya chumba hutoa sumu iyo hiyo.

Wengi huingiza jenereta ndani kwa kuhofia mvua na wezi. Kufungua dirisha au mlango hakutoshi kuiondoa sumu hiyo. Jenereta isiwekwe chumbani, stoo, ukumbini wala barazani. Ikae nje, umbali usiopungua mita 6 kutoka nyumba, bomba la moshi likielekezwa mbali na madirisha ya mwenyewe na ya jirani. Ijengewe kibanda cha paa tu, kisicho na kuta, juu ya sakafu iliyoinuka isiyofikiwa na maji, na ifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo. Upepo ukiwa bado mkali, ni heri kukaa gizani kuliko kuiwasha.

Hatari ya pili ni kuirudisha nguvu ya umeme katika nyaya za mtaani. Wapo wanaochomeka waya wa jenereta katika soketi ya ukutani ili nyumba nzima ipate mwanga. Umeme huo hutoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, na huko hupandishwa kutoka volti 230 hadi 11,000 au 33,000. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo kutengeneza laini, akidhani imezimwa, huweza kuuawa na jenereta ya nyumba asiyoijua. Anayetaka kuwasha taa za nyumba nzima afungiwe swichi ya kubadilishia umeme na fundi mwenye leseni ya EWURA. Asiye na swichi hiyo achomeke vyombo vyake moja kwa moja katika jenereta, kwa waya mnene usio na michubuko.

Hatari ya tatu ni moto. Jenereta izimwe na kuachwa ipoe kabla ya kuongezwa petroli, na kazi hiyo isifanywe kwa mwanga wa kibatari wala na mtu anayevuta sigara. Dumu la petroli lifungwe barabara na kuwekwa mbali na nyumba na jiko. Mtu mwenye mikono iliyolowa, au aliyesimama majini, asiiguse mashine inapofanya kazi.

Kila mwenye jenereta anashauriwa kuijaribu na kuichagulia mahali pake nje kabla ya mwezi Novemba, maana usiku wa tufani si wakati wa kutafuta mnyororo wala kujenga kibanda. Moto ukizuka, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114.