Kahawa ya Mbinga: Joto gani la maji lafaa mlimani?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MAELEKEZO ya kuandaa kahawa mara nyingi humtaka mnywaji achemshe maji, ayaepue, kisha asubiri nusu dakika au zaidi kabla ya kuyamimina juu ya unga. Kwa mkazi wa Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, agizo hilo lina maana. Kwa mkazi wa Mbuji, juu katika milima ya Umatengo ambako kahawa yenyewe hulimwa, agizo hilohilo laweza kumharibia kikombe.

Sababu ni mwinuko. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 za sentigredi katika usawa wa bahari tu. Kadiri mtu apandavyo, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huwahi kuchemka. Kwa kila mita 300 hivi, nyuzi moja hupungua. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini kidogo ya mita 500, hivyo maji ya ufukweni huchemka kwenye nyuzi 98 na ushei. Katika kijiji kilicho mita 1,500 yanatokota kwenye nyuzi 95, na karibu na mita 2,000 hayafiki hata 94.

Wataalamu wa kahawa hupendekeza maji ya nyuzi 90 hadi 96. Kwa maneno mengine, mlimani maji yanayotokota tayari yamo ndani ya kipimo, na anayesubiri huyatoa humo. Wa ufukweni ndiye anayepaswa kufunua birika na kuvuta subira kidogo.

Joto lina kazi gani? Maji yanapokutana na unga, chachu ya tunda ndiyo hutangulia kuyeyuka, utamu ukafuata, na uchungu mzito hutoka mwisho. Maji yaliyopoa huishia njiani, na kikombe huwa chachu, chepesi, kisicho na mwili. Maji makali mno, hasa yakikaa na unga muda mrefu, hukokota uchungu wote. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, kama ilivyo nyingi inayokaangwa majumbani juu ya kuni, hutoa uchungu upesi. Hiyo yafaa maji ya nyuzi 90 au chini yake kidogo, hata huko mlimani.

Asiye na kipimajoto atumie macho. Vipovu vidogo vilivyoshika chini ya sufuria ni dalili kwamba maji bado. Yakitokota kwa mapovu makubwa uso mzima, yamefika mwisho wa joto lake. Kuongeza kuni baada ya hapo hakuongezi hata uzi mmoja, bali hugeuza maji kuwa mvuke na kumaliza kuni. Kwa maji ya mtoni au kisimani, hata hivyo, yaachwe yatokote dakika moja nzima ili yawe salama, na dakika tatu kwa walio juu ya mita 2,000.

Chombo nacho hunyang'anya joto. Birika baridi hushusha maji kwa nyuzi kadhaa mara yanapomiminwa, kwa hiyo lisuuzwe kwanza kwa maji ya moto. Ama maji yaliyolala kwenye chupa ya chai tangu alfajiri, hayo yabaki kwa kunawia uso.

Kahawa chungu ya mwambao haimo katika hesabu hii. Ile huchemshwa pamoja na unga wake ndani ya dele, pengine na tangawizi, na uchungu wake ndio unaotafutwa na mla kashata.

Kwa mkulima, jambo hili linagusa mfuko. Arabika ya Mbinga huandaliwa kwa kumenywa, kuchachushwa na kuoshwa, na bei yake hutegemea pia ladha anayoikuta mwonjaji. Kahawa iliyokaa mno katika kuchachuka huwa na ukali wa siki. Mkulima anayeonja mazao yake kwa maji yaliyopoa hukuta uchachu wa namna nyingine, akadhani ameharibu kazi kiwandani wakati kosa liko kwenye birika. Akikaanga hadi kuunguza, dosari halisi hufichwa na ladha ya mkaa, naye huisikia kwa mnunuzi.

Waonjaji hutumia maji ya nyuzi 93 hivi, gramu 8.25 za unga uliosagwa kwa mililita 150, kahawa ikiwa imekaangwa kwa wastani tu. Unga huachwa dakika nne bila kukorogwa. Kisha tabaka lililoelea huvunjwa kwa kijiko, pua ikiwa karibu, povu huenguliwa, na kahawa ikishapoa kiasi cha kutounguza ulimi huvutwa kwa sauti kutoka kwenye kijiko. Vikombe viwe vitano vya kahawa hiyohiyo, kwa sababu punje moja mbovu huonekana katika kikombe kimoja tu.