Namba Iliyomwangusha Fermat

Anza na 2, uizidishe kwa yenyewe upate 4, kisha 16, 256 na 65,536, kila jibu likiwa kipeo cha pili cha lililotangulia. Kila moja iongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni namba tasa: hazigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Mnamo 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alisadiki kwamba safu hii haitakatika kamwe. Uthibitisho hakuwa nao.

Inayofuata ni 4,294,967,297. Ukitaka kuipima kwa nguvu tu, zipo namba tasa 6,542 za kujaribu moja baada ya nyingine. Simlaumu Fermat.

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimtajia Leonhard Euler dai hilo kwa barua. Kufikia 1732 Euler alikuwa na jibu: 641 inaigawa barabara, mara 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Hapo maelfu yanapukutika. Za kwanza zinazobaki ni 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641 yenyewe.

Tena unaweza kuliona jambo hili bila kugawa hata mara moja. Chunguza 641 kwa njia mbili: ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴, yaani 625 na 16. Tuhesabu mabaki ya kugawa kwa 641 tu. Njia ya kwanza inasema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwenye kipeo cha nne, na 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1. Njia ya pili inasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴, upate kwamba −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakishi kitu, na 2³² + 1 ndiyo namba yetu. Sijui uthibitisho mfupi zaidi wenye utamu kama huu.

Ukipunguza 1 unapata 4,294,967,296, idadi ya anwani zote za intaneti za mfumo wa zamani wa biti 32. Punguza tena 1, na hiyo ni zao la tasa zote tano za mwanzo: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kwa kuwa namba yetu imeizidi kwa 2 tu, hakuna hata moja ya hizo tano inayoweza kuigawa, kwa hiyo 257 ilikuwa nje tangu mwanzo.

Tasa ya sita ya aina hii haijapatikana hadi leo. Nayo pembenyingi sawa yenye pande witiri huchoreka kwa rula na bikari pekee pale tu idadi ya pande zake ni tasa ya aina hii, au zao la tasa tofauti za aina hii. Kwa sababu hiyo, kati ya pembenyingi sawa zenye pande witiri zinazojulikana kuchoreka kwa rula na bikari pekee, kubwa kuliko zote ina pande 4,294,967,295.