Kununua Mashua Kuukuu na Kuikatia Bima

Wavuvi na wachukuzi wengi wa pwani ya Kenya, tangu Vanga hata Lamu, hawana uwezo wa kuagiza mashua mpya kwa fundi. Kwa hiyo hutafuta chombo kilichokwisha tumika, ambacho bei yake ni nafuu. Si vibaya kufanya hivyo, kwani mashua iliyojengwa na kutunzwa vema hufanya kazi miaka mingi. Lakini fedha itolewayo mara nyingi ni akiba ya nyumba nzima, na wazee walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Wako wanaojifariji wakisema kwamba wataikatia mashua bima, na hasara yo yote itakuwa ya kampuni. Fikira hiyo ina hatari, na sababu yake yafaa ijulikane.

Bima ni kinga ya ajali, kama vile tufani, mwamba au moto. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1906, yaeleza kwamba kampuni hailipi hasara itokanayo na uchakavu wa kawaida, wala uharibifu wa panya na wadudu, isipokuwa hati ya bima iwe imesema vingine. Maana yake ni kwamba ubovu aliouacha mwenye mashua wa kwanza humwangukia mnunuzi peke yake.

Basi ukaguzi ni lazima utangulie malipo. Wakati mzuri ni siku za bamvua, mashua ikipandishwa ufukoni maji yakiwa yamejaa, na kuachwa pakavu maji yapwapo. Mnunuzi aende pamoja na fundi asiye ndugu wala rafiki wa mwuzaji. Kwanza watazame mkuku na mbao zinazoungana nao, wakichoma kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Wagonge pia kwa nyundo, kwa maana mbao nzima hulia kwa sauti kali, na mbovu hutoa sauti nzito iliyokufa. Wasidanganywe na rangi mpya au shahamu iliyopakwa jana.

Tundu dogo kama la sindano lisidharauliwe. Huenda ni mlango wa mdudu wa baharini atoboaye mbao, ambaye watu humwita funza, ingawa kwa kweli ni wa jamii ya chaza na kombe. Huingia akiwa mdogo sana, kisha hukua ndani, hata mbao huwa tupu hali uso wake ni mzima. Ndani ya chombo, watazame mataruma na chini ya mlingoti mahali maji ya mvua yanapotuama, kwa sababu maji matamu huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Michirizi myekundu ni dalili kwamba misumari imekula kutu.

Baada ya mbao, zifuate hati. Mashua nyingi ni mali ya urithi au ya shirika, kwa hiyo kila mwenye haki na atie sahihi mbele ya mashahidi. Nambari na leseni zithibitishwe kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004.

Ndipo iendewe kampuni ya bima yenye leseni. Mara nyingi kampuni hutaka taarifa ya mkaguzi ikiwa chombo ni cha zamani. Mwombaji aseme kweli yote juu ya umri wa mashua, matengenezo yake na ajali zilizopita, kwa kuwa jambo kubwa likifichwa, kampuni yaweza kuuvunja mkataba. Tena, mtu akipeleka chombo baharini hali akijua kwamba ni kibovu, hatalipwa hasara iliyotokana na ubovu huo.

Thamani nayo isipunguzwe ili ada iwe ndogo. Chukua mfano wa mashua yenye thamani ya Sh. 300,000 iliyokatiwa bima ya Sh. 200,000. Tufani ikileta hasara ya Sh. 90,000, kampuni hulipa theluthi mbili tu, yaani Sh. 60,000, na zilizobaki hutoka mfukoni mwa mwenye chombo. Hati isomwe yote, ijulikane ni bahari ipi inayoruhusiwa, na kama abiria na mabaharia wamo.

Mnunuzi mwenye busara hukagua kwanza, kisha huuliza kampuni kama itaikubali mashua ile na kwa ada gani, na mwisho ndipo hutoa fedha. Kampuni ikikataa, ajue sababu yake kabla ya kulipa hata senti moja.