Tochi ndogo: ipime kabla hujalipa

Hapa Nyarugusu mama akimpeleka mtoto chooni usiku, tochi ndiyo macho yake. Ikizimika njiani, haoni shimo wala nyoka. Basi usinunue kwa kuwa inang'aa tu.

Kwanza mwanga. Mulika ukuta mahali penye giza, ukiwa hatua tano. Duara dogo kali hufika mbali, lakini pembeni panabaki giza. Kwa kutembea, bora mwanga uliotanda: unaona miguu yako na kando ya njia.

Pili betri. Kila tochi hung'aa dakika za mwanzo. Patana na muuzaji uijaribu nyumbani: iwashe saa nzima, kisha mulika ukuta uleule. Imefifia sana? Irudishe.

Usichanganye betri mpya na ya zamani. Ile chovu huwahi kuisha, ikavuja na kuiharibu tochi ndani. Kuzianika juani huziamsha kidogo tu, hakuzijazi. Wala usizitupe motoni, zitalipuka.

Mwisho, itundike tochi mahali pamoja kila siku, ambapo hata mtoto anapafikia gizani.