Watoto Wanapotuchora

Mwanzo wa muhula huu mama mmoja alitusimamisha njiani, akitoka sokoni na beseni kichwani, akatuambia: «Madamu, unisamehe kwa ile picha. Nimemchapa.» Tuliona haya. Mtoto wake alikuwa ametuchora nyuma ya kaye ya hesabu: mdomo wazi kama wa kiboko, rula juu, miwani kwenye ncha ya pua, na herufi kubwa zinatoka mdomoni: NYAMAZENI! Sisi tuliichana ile karatasi mbele ya darasa zima, tukamwita mzazi.

Leo tunakiri mbele yenu kwamba picha ile ilisema kweli. Miwani yetu inateleza. Na katika darasa lile lililojaa watoto hadi mlangoni, mtu anayepiga kelele kuliko wote ni sisi. Jioni tulivikuta vipande mfukoni, tukavipanga mezani, tukacheka peke yetu mpaka machozi.

Tangu siku ile tumefikiri sana juu ya watu wanaotengeneza sinema za katuni, zile watoto wetu wanazoangalia kwenye simu au kwa televisheni ya jirani. Kazi yao inaonekana mchezo, lakini ni jasho. Sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde moja. Dakika moja ni picha 1,440, na zamani zilichorwa kwa mkono. Hata wakitumia mchoro mmoja kwa picha mbili, zinabaki 720. Mtu anakaa mezani siku nzima, kioo kidogo pembeni, anakunja uso wake mwenyewe ili aone hasira inakaaje kwenye nyusi. Wakichoka, wanachorana. Anayesinzia mezani, anayedokoa chakula cha wenzake, mkubwa mwenye tumbo: kesho yake anajikuta ukutani, na wenzake wanasubiri aingie.

Kule Hollywood, mwaka wa 1935, Tex Avery na wenzake waliwekwa katika nyumba ya mbao iliyochakaa kwenye kiwanja cha kampuni ya Warner Bros. Wakaiita Termite Terrace, yaani baraza ya mchwa. (Hapa kwetu mchwa wakiota mabawa tunawakaanga, lakini kila watu na desturi zao.) Mwaka wa 1944 kampuni hiyo ilitoa sinema fupi, Russian Rhapsody, ambamo vijitu vidogo vinaharibu ndege aliyopanda Hitler. Sura za vijitu hivyo zilichorwa kwa kuiga sura za wafanyakazi wa studio wenyewe. Kwa Disney nako, katika The Nifty Nineties ya mwaka wa 1941, wanatokea wachekeshaji wawili jukwaani, Fred na Ward. Ni Fred Moore na Ward Kimball, wachoraji wa palepale.

Utani huo ulikwenda kwa sababu aliyechorwa alikuwa na kalamu pia. Ukimchora mwenzako asubuhi, jua halitazama kabla hajakujibu. Lakini wamama, si wote waliokuwa na kalamu hiyo. Wanawake wa Disney walikuwa wengi katika kazi ya kupitisha wino na rangi juu ya mistari ya wanaume. Mwaka wa 1938 msichana akiomba kazi ya kubuni, kampuni ilimjibu kwa barua kwamba kazi hiyo ni ya vijana wa kiume. Fred Moore huyohuyo alisifiwa sana kwa kuchora wasichana warembo. Msichana aliyetaka kumchora yeye, angeanzia wapi? Retta Scott ndiye mwanamke wa kwanza wa Disney ambaye jina lake lilitajwa kati ya wachoraji wa mwendo, katika sinema ya Bambi ya mwaka wa 1942.

Tulipofika hapo tukaiona upya karatasi tuliyoichana. Sisi tulikuwa na rula, na ofisi, na namba ya simu ya mzazi. Mtoto alikuwa na biki yake tu.

Kuna picha ya pili, na hii hatuichekei. Siku chache baadaye, katika darasa lilelile, kijana mmoja alimchora msichana ambaye familia yake ni deplase. Mahali pa nywele alimwekea kipande cha bashi. Pua aliivuta. Chini hakuandika jina la msichana, aliandika jina la kabila. Karatasi ilipita benchi kwa benchi mpaka ikamfikia mwenyewe. Aliiangalia, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya kaye yake, akaendelea kuandika. Hakulia. Afadhali angelia.

Sisi tulikuwa watoto hapa Bunia mwaka wa 2003. Tuliona watu wakisomwa pua kabla ya kuulizwa jina. Wamama wengi mnaosoma gazeti hili mlikimbia na watoto mgongoni. Hatuna haja ya kuwaeleza.

Kijana yule hatukumchapa, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuona matunda ya fimbo: darasa lilikuwa limejifunza kuficha, basi. Tulimwita mama yake, tukaweka picha mezani. Mwanzo alitabasamu, akidhani ni utani wa watoto. Kisha akasoma neno la chini, akanyamaza kwa muda mrefu. Akasema: «Madamu, neno hili hakuliokota njiani. Tunalisema sisi, jioni, tukisonga ugali.» Hatukujua tumjibu nini. Hata kwetu linasemwa.

Kongo yetu ina mtu ambaye kazi yake ilitusaidia. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Kasai, alianzisha mwaka wa 1988 studio ya katuni ya kuhamahama, akaiita Malembe Maa. Wenye kusikia Lingala wanajua ni mwendo wa polepole. Wanajeshi walipopora Kinshasa mwezi wa Septemba 1991, alichukua michoro ya watoto juu ya siku zile, akatengeneza nayo sinema fupi, Kinshasa, septembre noir, iliyotoka mwaka wa 1992. Mambo mabaya waliyoyaona watoto yalipata karatasi, na karatasi ikapata watu wazima wa kuiangalia.

Basi saa ya mwisho ya Ijumaa tumeigeuza. Watoto wanakaa wawili wawili, uso kwa uso, na wote wawili wanachora kwa wakati mmoja. Humchori mtu ambaye hayuko mbele yako. Unachora anachofanya, huchori alivyozaliwa: anayetafuna kalamu, anayeficha mandazi kwenye meza, anayecheka kabla hadithi haijaisha. Mkimaliza mnabadilishana, na jina linaandikwa na mwenye uso. Wa kwanza kukaa mbele tulikuwa sisi. Tulipata viboko zaidi ya hamsini siku ile, na wengine walitupa meno ambayo hatuna.

Msichana yule Ijumaa ya kwanza hakuchora, na hatukumlazimisha. Ya pili alitunza kifutio cha wenzake. Ya tatu alimchora jirani yake wa benchi anayepiga chafya, na jirani alicheka hadi akaanguka. Kijana bado hajakaa mbele yake. Yeye anataka, msichana hajataka. Ile karatasi iliyokunjwa ingali ndani ya kaye yake, tumeiomba mara mbili, amekataa kuitoa. Mama wa kijana aliuliza familia ile inakaa wapi. Tulimjibu kwamba tutawauliza kwanza kama wanataka mgeni.

Tunaomba kitu kimoja kwa vikundi vyenu na likelemba zenu: karatasi zilizoandikwa upande mmoja msiziwashie makaa. Zileteni shuleni kabla ya Ijumaa. Na yule mama wa beseni, apite siku moja. Kiboko chetu tumekiunganisha kwa skochi, kiko ndani ya mlango wa kabati, na mtoto wake ameweka jina lake chini.